Stesheni Isiyo na Mtu
(Mazungumzo na vijana wa Korbesa baada ya swala ya Alasiri)



Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu, Ramadhan Karim. Najua koo zimekauka, sitawachosha. Leo nataka tuzungumze kuhusu stesheni ya reli. Msicheke! Najua Korbesa hatuna reli.

Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara, utapita mji unaoitwa Sultan Hamud. Jina hilo ni la Sayyid Hamud bin Muhammad, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ambayo reli ya kwanza ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, Waislamu wengi wakiwemo, na karibu 2,500 walifariki.

Mwaka 2017 reli mpya ilipoanza, treni za abiria za Nairobi na Mombasa ziliacha kupita njia ya zamani. Siku moja basi letu lilisimama hapo, tukaswali Adhuhuri, nikaenda kuitazama ile stesheni. Hakuna abiria, hakuna mkata tiketi.

Nikajiuliza, stesheni ndogo kama hizi zilikuwa na kazi gani? Kumbe reli ile ni njia moja tu. Treni mbili zikija kutoka pande mbili, lazima moja ikae kando stesheni mpaka nyingine ipite. Na usiku alikuwepo mtu wa kuhakikisha njia iko wazi. Abiria walikuwa wamelala. Hawakumjua wala hawakumshukuru. Lakini yeye angelala, treni zingegongana.

Si ndiyo swaumu hiyo? Uko peke yako na mtungi wa maji, hakuna anayekuona ila Allah, na hunywi.

Tangu mradi wa LAPSSET uzinduliwe Lamu mwaka 2012, tunaambiwa reli itafika Isiolo. Mpaka leo haijafika. Haya, tusubiri. Lakini stesheni yetu tunayo tayari: madrasa. Maalim amezeeka, yuko peke yake na watoto wote wale. Sisi aliotusomesha tuko Isiolo mjini, tuko Nairobi. Tukirudi likizo, tunakaa chini ya mti na simu. Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimo. Huu ni mwaka wangu wa tatu chuo kikuu, na sijawahi kumpokea kipindi hata kimoja. Naona haya kuwaambia, lakini ndiyo kweli.

Hapa sote tumechunga mifugo, na hadithi ya uchungaji tumeihifadhi tangu utotoni. Mifugo haiachwi bila mtu. Je, watoto?

Kesho baada ya Alfajiri, inshallah, nitakaa na darasa la alifu, Maalim apumzike kidogo. Atakayekuja tushirikiane, karibu. Asiyekuja, namwombea kheri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.