Uzi wa Kaboni na Mfupa wa Mwanadamu



Mtu akivunjika paja hupelekwa katika chumba cha upasuaji, vipande vya mfupa vikaunganishwa kwa bamba la chuma na parafujo, na baada ya miezi kadhaa majeruhi huanza kutembea. Wengi hudhani kwamba kadiri chuma hicho kinavyokuwa kigumu ndivyo mfupa unavyopata hifadhi iliyo bora. Dhana hiyo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyowahangaisha wataalamu kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, hujengwa na kubomolewa daima kwa kadiri ya mzigo unaoubeba. Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alilieleza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1892: mfupa ufanyao kazi hunenepa, na ule ukaao bure hukonda. Sasa chuma cha pua kina ukakamavu, yaani ukaidi wa kukataa kupinda, wa gigapaskali 200 hivi. Aloi ya titani ina 110. Mfupa mgumu wa nje una kati ya 15 na 20 tu. Vitu viwili vilivyotofautiana kiasi hicho vikifungwa pamoja, sehemu kubwa ya mzigo hupita katika kile kilicho kikakamavu zaidi. Chuma hubeba, mfupa hustarehe. Na mfupa uliostarehe huliwa polepole na mwili wenyewe. Ndiyo sababu bamba linapoondolewa, mfupa huweza kuvunjika upya, na shina la nyonga ya bandia huweza kulegea baada ya miaka.

Kwa hiyo kinachotafutwa si kitu kigumu kupita vyote, bali kitu kinachopinda kama mfupa unavyopinda, kisha kisivunjike kwa mamilioni ya hatua za mguu.

Nyuzi za kaboni ziliingia katika utafutaji huo zikitokea katika viwanda vya ndege. Katika miaka ya 1960, Akio Shindo huko Japani, na William Watt na wenzake katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, walichukua nyuzi za jamii ya akriliki, zile zinazofumiwa sweta, wakazichoma kwa joto kali mahali pasipo na hewa ya oksijeni hata ikabaki kaboni karibu tupu. Uzi mmoja una unene wa maikromita 7 hivi, lakini kwa uzito wake hushinda chuma kwa nguvu. Hata hivyo uzi peke yake haubebi mzigo wa kuubana. Lazima ushikwe na kitu, kama fito zinavyoshikwa na udongo katika ukuta wa nyumba. Fito peke yake hupinda, udongo peke yake humeguka; na udongo usiposhikana na fito, mvua ya kwanza huufunua ukuta.

Fundisho hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 kiwanda kimoja cha Marekani kilichanganya nyuzi za kaboni zilizokatwakatwa na polietilini, ile plastiki inayowekwa kama mto ndani ya goti la bandia. Vipimo vya maabara vilitia matumaini. Ndani ya magoti ya watu mambo yakawa mengine. Plastiki haikushikana vema na nyuzi, na ufa ulipoanza ulikimbia upesi kuliko katika polietilini isiyo na nyuzi. Mito ilichakaa na kupasuka, na mchanganyiko huo ukaachwa katika miaka ya 1980. Kilichokusudiwa kuimarisha ndicho kilichodhoofisha, nao waliolipia kosa hilo ni wagonjwa waliolazimika kupasuliwa mara ya pili.

Tangu hapo kazi kubwa imekuwa juu ya ngozi ya uzi. Uzi wa kaboni kwa asili ni laini na haupendi kuungana na kitu. Huoshwa kwa asidi ya naitriki, au hupitishwa katika umeme au plazma, ili ngozi yake ikwaruzike na ipate chembe za oksijeni ambazo plastiki huweza kuzishika. Watafiti wengine huotesha juu yake vijinywele vya kaboni, mfano wa mizizi. Plastiki nayo ilibadilishwa. PEEK, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1978, peke yake ina ukakamavu wa gigapaskali 3 hadi 4. Ikitiwa nyuzi fupi kwa asilimia 30 ya uzito hufikia 18 hivi, yaani ukakamavu wa mfupa wenyewe. Lakini huyeyuka kwa nyuzijoto 343, na rangi za kawaida zinazopakwa nyuzi kwa ajili ya gundi ya epoksi huharibika katika joto la kuifinyanga. Ikabidi zitafutwe nyingine.

Faida moja haikutarajiwa na wengi: kaboni haizuii eksirei. Mgonjwa wa saratani ya mfupa huweza kupigwa picha na kutibiwa kwa mionzi bila chuma kutia kivuli. Kipandikizi chenyewe ndicho kisichoonekana vizuri, hata hutiwa alama ndogo za tantali ili daktari ajue kilipo.

Yapo matatizo ambayo hayajaisha. Mfupa hauoti kwa hiari juu ya PEEK, kwa hiyo uso wake hupakwa titani au haidroksiapatiti, madini ya jamii ya yale yaliyomo ndani ya mfupa. Tena, bamba la chuma mpasuaji huweza kulikunja mezani hata lilingane na mfupa ulio mbele yake. La kaboni halikunjwi. Lisipolingana, hutafutwa jingine, na bei yake ni kubwa kuliko ya chuma. Kwa sababu hiyo chuma hakijastaafu.