MLANGO WA HOSPITALI NI WA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa reli, Mombasa)

Tumepewa nafasi ya kusema machache, nasi hatutarefusha, maana wengine wenu mwaingia zamu ya usiku.

Mwezi uliopita kamati ilileta shauri. Shauri lenyewe ni kwamba chama kiiombe serikali ya kaunti iweke katika kila hospitali ya umma mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia kwamba watu wa kila namna wanatibiwa sawa, na kwamba watu wa kila namna wanaandikwa kazi humo. Wenye ofisi humwita afisa wa usawa na ujumuishaji. Baadhi yenu mlicheka. Mlisema: "Dawa hazitoshi, wauguzi ni wachache, nanyi mwataka mtu wa kukaa kitini kuwauliza watu makabila yao?" Neno hilo si la kipumbavu. Lastahili jibu, na ndiyo sababu tumesimama.

Tuanze na jambo la kwetu wenyewe. Yuko mwenzetu wa karakana aliyepiga chuma miaka mingi hata masikio yake yakafa kwa makelele. Tena ana ugonjwa wa sukari. Siku moja alikwenda hospitali ya serikali, ambayo hatutaitaja jina, kwa sababu ya kidonda kidogo mguuni. Aliandikisha jina saa moja asubuhi, akakaa kwenye benchi. Jina likaitwa, hakusikia. Likaitwa tena, hakusikia. Wakampita. Saa tisa alasiri alipokwenda dirishani kuuliza, aliambiwa, "Tulikuita, hukuwapo." Naye hakuondoka hata kwenda kunywa chai! Akarudi nyumbani. Alipokwenda tena baada ya wiki mbili, mguu ulikuwa umekwisha kuharibika, akakatwa vidole viwili.

Ndugu, katika habari hiyo hatumwoni mtu mbaya. Mwita majina aliita majina. Muuguzi alifunga vidonda vya waliofika mbele yake. Daktari alitibu aliowaona. Kila mtu alifanya kazi yake, na mwenzetu akapoteza vidole. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza: nani ameachwa kwenye benchi, na kwa nini?

Sisi watu wa reli twapaswa kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Katika reli kila mtu ameamriwa kuangalia usalama: dereva, gadi, stesheni masta, hata kibarua. Lakini je, kwa kuwa usalama ni kazi ya wote, tumemwondoa yule anayetembea njia akitazama misumari na mataruma? Hasha. Tungalimwondoa, kila mmoja angalidhani mwenzake ametazama, na siku moja behewa lingalilala ubavuni. Jambo likiwa ni la wote, lataka na mtu mmoja wa kuulizwa. Usawa hospitalini ni hivyo hivyo.

Sasa wengine husema: "Hospitali ya umma haibagui. Mlango ni mmoja, kila mtu huingia." Wazee wetu waliiona siku ambayo mlango haukuwa mmoja. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901, na katika enzi ya ukoloni madaraja ya mabehewa yalifuata rangi za watu. Hospitali nazo zilikuwa hivyo: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ubaguzi huo haukuwa na pa kusimama tena. Ilikuwa kazi kubwa na njema. Lakini vilibaki vizingiti vingine ambavyo havikuandikwa ubaoni, na kizingiti kisichoandikwa humwangusha mtu bila mwingine kujua. Ndiyo maana wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijua maiti.

Kizingiti kimoja ni lugha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333. Humu mna Waswahili wa Mji wa Kale, Waarabu, Mabaluchi, Mabohora, Wamijikenda, Wataita, Wabajuni, Wasomali, na sisi wa kutoka bara, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu na wengineo. Mama mzee wa Kuze humwambia muuguzi, "Mato yaniuma." Kijana aliyezaliwa bara, tena amesoma kwa Kiingereza, hajui kwamba mato ni macho. Mzee wa Kigiriama kutoka mashambani huulizwa kwa Kiswahili cha shuleni na hujibu "ndiyo" kwa kila neno, kwa adabu tu. Karatasi yaandikwa, dawa yatolewa, na ugonjwa wabaki palepale.

Kizingiti cha pili ni staha. Wako akina mama humu kisiwani ambao hawatakubali kupimwa sehemu za siri na mwanamume, wala kuvua buibui mahali pasipo na pazia. Wengine huwacheka na kusema ni ujinga. Si ujinga, ni malezi yao. Akijua kwamba yuko muuguzi wa kike siku fulani, atakuja mapema. Asipojua, atakaa nyumbani mpaka ugonjwa uwe mzito, na hapo gharama huwa kubwa kwake na kwa serikali pia.

Kizingiti cha tatu ni karatasi. Ndugu zetu Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya miaka mingi bila kitambulisho, mpaka walipotembea kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao, wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Mtu asiye na kitambulisho hupata taabu kuandikwa katika bima ya serikali, na dirishani huambiwa akae kando. Nani atamfuata huko kando amwonyeshe njia?

Tena tulipata somo kubwa hapa hapa kisiwani, na wengi wenu mwalikumbuka. Tarehe 6 Mei 2020, wakati wa Korona, serikali ilifunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Hakuna kuingia wala kutoka, na mikahawa ikafungwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wakuu wa afya walitaka watu wapimwe, lakini waliojitokeza walikuwa wachache. Kwa nini? Watu waliogopa karantini, ambayo hapo mwanzo mtu alitakiwa kujilipia. Waliogopa kunyoshewa vidole na majirani. Waliuliza, na mtu akifa, ataoshwa na kuzikwa vipi? Yale hayakuwa maswali ya dawa, yalikuwa maswali ya watu, na watu huyapeleka kwa mtu wanayemwamini. Basi kuaminiwa hakununuliwi siku ya tauni. Kama hospitali zingalikuwa na mtu anayejulikana misikitini, makanisani na katika vyama vya akina mama tangu miaka ya nyuma, mtu aliyekwisha kuwasaidia katika mambo madogo, twaamini kwamba wengi wangalimsikiliza katika lile kubwa. Kufuli hizo ziliondolewa mwanzoni mwa Juni. Je, somo nalo limeondolewa?

Mtatuuliza, sheria iko wapi? Sheria tunazo, ndugu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 54 chawapa wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kutumia lugha ya ishara. Kifungu cha 232 chataka utumishi wa umma uwe na watu wa jamii mbalimbali za Kenya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe, pale iwezekanapo, kwa lugha anayoielewa. Sheria ya mwaka 2008 yakataza kabila moja kupita theluthi moja ya wafanya kazi wa shirika la umma. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka nafasi za kuanzia kazi, angalau 30 katika kila 100, ziende kwa watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti. Lakini sheria haina miguu. Haiwezi kutoka kitabuni ikaenda kutazama benchi. Lazima itembezwe na mtu.

Sasa twaomba kuyajibu maneno matatu ya wanaopinga.

La kwanza ni fedha. Twakubali kwamba hatutaki aondolewe muuguzi hata mmoja ili huyu apate kiti. Wala hatumtakii gari, karani, na ofisi yenye zulia. Twataka mtu mwenye mshahara wa kadiri, mwenye miguu ya kuzunguka wodi kwa wodi. Hebu wekeni mshahara huo kando ya gharama ya kumkata mwenzetu vidole, vitanda, dawa, na siku zake za kazi zilizopotea. Mgonjwa aliyerudishwa bila kutibiwa hurudi tena, tena na ugonjwa mkubwa zaidi.

La pili, husemwa kwamba hata nchi tajiri zimeichoka kazi hii. Ni kweli kwamba Uingereza, mwaka 2023, waziri wa afya Steve Barclay aliagiza bodi za huduma ya afya ya umma ziache kuandika watu wapya wa kazi kama hii, na ya kwamba Marekani, Januari 2025, Rais Trump aliamuru ofisi za namna hii katika serikali kuu zifungwe. Lakini tazameni upande wa pili. Huduma ya afya ya Uingereza ilifunguliwa mwaka 1948 kwa watu wote bila malipo mlangoni. Hata hivyo ripoti zao wenyewe za miaka ya karibuni zaonyesha kwamba wanawake weusi huko hufa kwa uzazi zaidi ya mara 2 kuliko wanawake weupe. Mlango ni mmoja, na waingiao hawatoki sawa. Kama watu wao wa usawa hawakufanya kazi vizuri, hilo ni shauri la kuwasimamia. Fundi mvivu hatufanyi tukafunga karakana.

La tatu ndilo tunaloliogopa hata sisi. Watu wasema: "Kazi hii itapewa shemeji ya mkubwa." Ndugu, hofu hiyo ina sababu. Mtu wa kulinda usawa akiingia kwa mlango wa nyuma, atalinda mlango wa nyuma. Kwa hiyo hatutaki cheo kitupu. Twataka cheo chenye masharti, nayo ni haya:

1. Nafasi itangazwe wazi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na wenye ulemavu wakaribishwe kuiomba.

2. Mtu huyo asipewe kazi nyingine juu ya hii. Tumeona mahali pengi kazi hii hutupiwa mtu mwenye kazi yake, naye huikumbuka siku ya wakaguzi.

3. Kila mgonjwa apewe namba, na namba ionyeshwe kwa maandishi pamoja na kuitwa. Kila zamu iwe na mtu mmoja ajuaye lugha ya ishara, na orodha ya wafanya kazi wajuao lugha za hapa pwani.

4. Kila mwezi ibandikwe ukutani hesabu ya waliorudishwa bila kutibiwa, na sababu zake. Kila mwaka itolewe hesabu ya walioandikwa kazi, tuone kama sheria imefuatwa.

Hesabu ikipungua, tutamsifu. Isipopungua, tutauliza, maana tutakuwa na mtu wa kuulizwa.

Tusisahau pia wale wahudumu wa afya wa mitaani, 100,000 nchi nzima, waliozinduliwa mwaka 2023. Wao hupita nyumba kwa nyumba na kumshawishi mgonjwa aende hospitali. Je, afikapo, nani humpokea? Ni kama kumpeleka abiria stesheni na hakuna wa kumwonyesha behewa.

Ndugu zetu, Januari mwaka 1947 wafanya kazi wapata 15,000 waliacha kazi katika mji huu, wa bandari, wa reli na wengine, watu wa pwani na watu wa bara, Waislamu na Wakristo. Walikuwa na lugha nyingi, na taabu moja. Nguvu yao ilikuwa kwamba hakuna aliyeachwa nyuma kwa sababu ya kabila lake. Chama chetu kilijengwa juu ya jambo hilo, basi tusione haya kulidai pale tunapokwenda tukiwa wagonjwa.

Yule mwenzetu yupo hapa leo, ameketi mstari wa mbele ili apate kuona midomo yetu. Tulimwuliza kama tulisimulie jambo lake, akasema, "Lisimulieni, ila msiniombee huruma. Ombeni ile namba iandikwe ukutani."

Twaliomba jambo hilo, pamoja na mtu wa kuhakikisha kwamba laandikwa kila siku. Kila tawi lilete kwa Katibu habari za wanachama waliopatwa na mambo kama haya, bila majina ya watu, ili tusiende kwa kaunti mikono mitupu. Kisha wanaolikubali shauri wainue mikono.

Umoja ni nguvu. Tumekwisha.