Mtoto Anayeamka Akilia Usiku

  Leo tuzungumzie usingizi wa watoto wakati wa ugonjwa wa mlipuko.

Mnakumbuka Machi 2020. Tarehe 13 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa Kenya. Siku chache baadaye shule zikafungwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza. Watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021.

Wakati huo mama mmoja alinijia kliniki na mwanawe wa miaka sita. Akasema, "Sista, huyu alikuwa ameacha kukojoa kitandani. Sasa amerudia, na usiku anaamka akilia. Nimemchapa hadi nimechoka." Nilimwuliza mtoto anaogopa nini. Akajibu polepole, "Mama akilala, nitajuaje kama hajafa?" Kumbe kila jioni redio ilipotaja idadi ya waliokufa, naye alikuwa pale mkekani akisikiliza.

Mama mpendwa, mtoto huyo hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu. Tena shule zikifungwa, ratiba huvurugika. Mtoto hulala wakati wowote, huamka jua limepanda, na hukaa ndani mchana kutwa.

Je, ufanye nini?

Kwanza, alale na kuamka wakati ule ule kila siku, hata kama hakuna shule. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, ukihesabu na ule wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.

Pili, acheze mchana kwenye mwanga wa jua, hata kama ni hapo uani tu.

Tatu, jioni asisikilize habari za vifo. Runinga na simu zizimwe mapema kabla ya kulala. Badala yake mwoshe, msimulie hadithi, kisha mwingize ndani ya chandarua.

Nne, mwulize anaogopa nini. Mjibu ukweli kwa maneno machache: "Ugonjwa upo, lakini tunanawa mikono na tunajikinga. Mimi niko hapa."

Tano, akikojoa kitandani, usimchape wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Kiboko huongeza hofu, na hofu humfukuzia usingizi.

Tafadhali usimpe dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale. Hiyo ni hatari.

Mlete kituo cha afya akikoroma na pumzi kukatika, akikojoa mara nyingi huku ana kiu isiyoisha, au hofu ikidumu kwa wiki kadhaa. Akiwa na homa kali, degedege au shida ya kupumua, usingoje asubuhi.

Yule mama alizima redio wakati wa habari. Kila usiku alimshika mwanawe mkono hadi alale. Waliporudi kliniki, kitanda kilikuwa kikavu, si kila usiku, lakini siku nyingi. Kisha mama akainamisha kichwa, akasema, "Sista, ningemwuliza mapema, nisingemchapa."

Korona si mlipuko wa mwisho. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, mwulize mwanao swali hilo.