Mtungi Ukiisha, Nani Ataujaza?

Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi: asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nao unasambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Ni hatua njema. Mama aliyekohoa moshi wa kuni miaka yote anastahili hata zaidi.

Lakini mtungi hununuliwa mara moja. Kinachomshinda mlalahoi ni kuujaza. Mkaa anaupata kwa kopo, jioni, kulingana na alichopata siku hiyo. Gesi inamtaka atoe maelfu ya shilingi kwa mkupuo, na fedha hizo hazikai pamoja mkononi mwake. Ndiyo maana utaukuta mtungi mtupu pembeni, jiko la mkaa likiwaka mlangoni.

Umeme tunaununua kwa LUKU, hata wa shilingi elfu moja. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo nazo zipo, ila ni za wachache mjini. Ruzuku ifike kwenye mita hizo, na kwenye ujazo wa pili na wa tatu wa mtungi, kabla hatujamlaumu mtu kwa kununua mkaa.