Kumlisha Mwenye Njaa kwa Heshima



Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ikiwa hamjui, basi yampasa amwulize. Neno hili twataka kulieleza kwa mfano wa mwenye hoteli za chakula mmoja, Bwana José Andrés, mzaliwa wa Hispania aliyehamia Marekani mwaka 1991 na kupata sifa mjini Washington kwa upishi wake.

Tetemeko la nchi lilipoiharibu Haiti mwezi wa Januari 2010, alikwenda kupika kambini pamoja na watu waliopoteza nyumba zao. Alipokuwa akipika maharagwe, wenyeji walimfundisha kwamba kwao huyaponda na kuyachuja mpaka yawe mchuzi mzito. Bwana huyu mwenye sifa hakuudhika, alikubali kufundishwa. Mwaka ule ule alianzisha chama cha World Central Kitchen.

Mwaka 2017 tufani kali ilipokipiga kisiwa cha Puerto Rico, hakungoja vyombo kutoka ng'ambo. Alitumia majiko ya hoteli na ya shule za pale pale, akawakusanya wapishi wenyeji, na kwa jumla wakatoa milo zaidi ya milioni 3.

Kazi hii si ya mchezo. Tarehe 1 Aprili 2024, wahudumu saba wa chama hicho waliuawa huko Gaza, magari yao yalipopigwa na ndege za Israeli baada ya kushusha chakula ghalani. Wenzao walisimamisha kazi, wakaomboleza, kisha kabla ya mwezi kwisha wakarudi mekoni.

Ndugu zetu, twajifunza nini? Aliyechukuliwa nyumba na mafuriko, tukimpa gunia la mahindi makavu, atayasaga wapi? Atayapika kwa sufuria gani na kuni zipi? Huenda mama mwenye hoteli ndogo kando ya njia, mwenye moto uliokwisha kuwaka, akawafaa watu siku ile kuliko gunia letu.

Kwa hiyo twaomba Halmashauri, kabla ya kutoa senti moja ya msaada, iwaulize kwanza wenye shida wanahitaji nini, kisha iwatafute wapishi wa mahali pale. Kutoa ni moyo, si utajiri. Na moyo wa kweli husikiliza kabla ya kupakua.