Chakula Kilichozikwa Chini ya Mahindi Yetu



Leo tuongee juu ya udongo, lakini si ule wa juu peke yake. Jembe letu hufika chini kama shubiri moja hivi. Je, chini ya hapo kuna nini?

Miaka ya 1990 watafiti walipima udongo wa mashamba ya Magharibi ya Kenya mpaka kina cha mita 2. Pale palipolimwa mahindi msimu baada ya msimu, walikuta naitrojeni, ile inayoyapa majani rangi ya kijani, imelala kati ya nusu mita na mita 2. Mvua huiteremsha kabla mizizi ya mahindi haijaiwahi. Kumbe mahindi yanageuka manjano kwa njaa, na chakula kiko chini yao!

Palipopandwa sesbania, naitrojeni ya chini ilikuwa imepungua sana. Mizizi iliifuata huko huko, ikaipandisha kwenye majani.

Basi tufanyeje? Tupande sesbania katikati ya mistari ya mahindi wakati wa mvua ya masika. Tukivuna, tuiache ikue msimu wa vuli. Kabla ya masika mengine tuikate, majani tuyafukie, na miti iende jikoni. Tunajua kwamba kuacha msimu mmoja si jambo dogo kwa mwenye nusu ekari. Kwa hivyo tuanze na kipande kimoja, kingine kilishe watoto. Tena tusipande maharagwe au nyanya mara tu baada ya sesbania, kwa maana minyoo ya mizizi huongezeka hapo.

Lakini tusidanganyane. Fosforasi haishuki na mvua kama naitrojeni. Hukaa juu, na mashamba mengi ya Magharibi yana upungufu wake. Sesbania haitatuletea hiyo. Itatoka kwenye samadi na mbolea ya kupandia. Na kwa kuwa hukaa juu, maji yakibeba udongo, yanaibeba pia. Wenye mashamba ya mteremko, fanya juu kwanza, mbolea baadaye.

Mkirudi nyumbani, kila kikundi kichimbe shimo la kufika kiunoni kando ya mahindi. Tazameni mizizi inaishia wapi, kisha mjadiliane nani ataanza na kipande.

Mungu awabariki.