Motakaa Iliyoundwa kwa Vipande
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Machifu, Walimu na raia)



Nimeombwa niseme machache juu ya motakaa za mashindano ya mbio. Najua wako watakaouliza, "Mbio hizo zatufaa nini sisi wakulima na wafugaji?" Nawasihi mnivumilie, kwani khabari hii si ya mchezo tu. Ni khabari ya watu waliopungukiwa na vyombo, wakafanya kazi kwa vile vilivyokuwapo, na kwa kufikiri vema wakawapita wenye mali.

Mwaka 1946 vita kuu ilikuwa imekwisha kwa muda wa mwaka mmoja tu, na Uingereza ilikuwa katika dhiki. Petroli iligawanywa kwa vipimo, chuma kilikuwa adimu, na motakaa mpya hazikupatikana ila kwa taabu. Basi watu waliopenda mbio walishauriana juu ya motakaa ndogo, ambayo injini yake haizidi sentimita 500 za ujazo, yaani nusu lita. Maana yao ilikuwa hii: injini ya kadiri hiyo hutoka katika pikipiki, na mtu asiye tajiri aweza kuinunua na kuunda motakaa yake mwenyewe kwake nyumbani.

Katika mji wa Surbiton, karibu na London, palikuwa na mtu mwenye gereji, jina lake Charles Cooper, pamoja na mwanawe John. John huyo na rafiki yake Eric Brandon waliazimu kuunda motakaa ya namna hiyo. Walitwaa sehemu ya mbele ya motakaa ndogo ya Kitaliani, Fiat Topolino, iliyokuwa imevunjika, wakatwaa tena sehemu ya mbele ya Fiat nyingine, wakaziunga zikapeana mgongo. Moja ikawa mbele ya motakaa yao, na moja ikawa nyuma. Jambo hili lilikuwa na sababu yake. Katika motakaa ile, kila gurudumu la mbele lilipanda na kushuka peke yake juu ya springi, bila kumsumbua mwenziwe. Kwa kuunga sehemu mbili, magurudumu yote manne yakapata sifa hiyo.

Injini waliyoitia ni ya pikipiki za mbio, iitwayo JAP, yenye silinda moja. Haikuchoma petroli bali methanoli, ambayo ni jamii ya spiriti, na ambayo huipoza injini inapofanya kazi kwa nguvu nyingi. Sasa je, waiweke wapi? Desturi ilikuwa kuiweka mbele ya dereva, na kupeleka nguvu nyuma kwa mti mrefu wa chuma upitao chini yake. Lakini injini ya pikipiki hupeleka nguvu kwa mnyororo, mfano wa ule wa baiskeli, na mnyororo wataka safari fupi. Kwa hiyo wakaiweka nyuma ya dereva, karibu na magurudumu yanayosukuma.

Hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Wajerumani wa Auto Union walishindana tangu mwaka 1934 kwa motakaa zenye injini nyuma, tena injini ya silinda 16. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya viwanda vikubwa na fedha nyingi, na vita ikaikomesha. Akina Cooper waliifikia njia ile ile kwa mlango wa uhitaji.

Faida yake mtaiona upesi mkiukumbuka mzegazega. Mtu achukuaye vibuyu viwili vya maji, kimoja kila ncha ya mti, akitaka kugeuka ghafula, mti humpinga. Akivisogeza vibuyu karibu na bega lake, hugeuka kwa wepesi, ingawa uzito ni ule ule. Ndivyo ilivyo kwa motakaa. Uzito ukikusanyika karibu na katikati, hukata kona kwa wepesi. Tena, kwa kuwa hapana mti wa chuma chini ya dereva, huketi chini zaidi, na upepo hupata mahali padogo pa kuizuia.

Wengi wakataka kununua motakaa za Cooper. Mwaka 1948 kijana wa miaka 18, Stirling Moss, alianza mbio kwa motakaa ya namna hiyo, naye akawa dereva mashuhuri ulimwenguni. Mwaka 1950 daraja ya motakaa hizo za nusu lita ikakubaliwa na mataifa, ikaitwa Formula 3.

Kisha ikaja ajabu ya pili. Kiwanda cha Coventry Climax kilikuwa kimetengeneza injini ya kuendeshea pampu ya kuzimia moto. Ilipasa iwe nyepesi, watu waweze kuibeba, na iwe na nguvu za kusukuma maji mengi. Watu wa mbio walipoiona walitambua kwamba wepesi na nguvu ndivyo wanavyovitafuta wao pia. Kiwanda kikaitengeneza upya kwa ajili ya motakaa, na Cooper akaitia nyuma ya dereva. Baadaye kiwanda hicho kikaunda injini nyingine, iliyokusudiwa mbio hasa.

Tarehe 19 Januari, 1958, huko Buenos Aires katika nchi ya Argentina, Moss aliendesha Cooper yenye injini isiyotimia lita mbili, akishindana na Ferrari za lita 2.4. Magurudumu ya Cooper yalifungwa kwa parafujo, na kuyabadili kulichukua muda mrefu. Wenziwe wakaandaa magurudumu kando ya njia kana kwamba atasimama. Wapinzani wakangoja asimame, naye hakusimama. Mipira ikalika hata nyuzi zake zikaonekana, lakini alifika wa kwanza kwa kuzidi sekunde 2.7 tu. Mwaka 1959 na mwaka 1960 Jack Brabham, mtu wa Australia, akawa bingwa wa dunia kwa Cooper. Katika shindano la mwisho la mwaka 1959, huko Sebring, Marekani, petroli ilimwishia karibu na mwisho. Akashuka, akaisukuma motakaa kwa mikono yake hata akafika wa nne, na ubingwa ukawa wake. Tangu hapo matajiri wenyewe wakawafuata maskini, na leo motakaa zote za Formula 1 zina injini nyuma ya dereva.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kalamu, na najua jinsi sisi wa kalamu tunavyowatazama wenye mikono ya mafuta. Mzazi hufurahi mtoto akipata kazi ya mezani, na husikitika akiwa fundi. Mwalimu humwadhibu mvulana aliyefungua baiskeli apate kuona ndani yake, wala hamwulizi amejifunza nini. Sisemi kila mwenye kuunga vyuma atashinda. Vipande viwili vya Fiat vingalikuwa takataka kama wasingalijua kwa nini wanaviunga. Kuunga bila hesabu ni kupoteza chuma, na hesabu isiyogusa chuma haiundi motakaa. Yafaa basi darasa la hesabu na karakana ya fundi vikae jirani, na mtoto apite toka hapa kwenda pale bila haya.

Machifu wenye kugawa ardhi na Walimu wenye kugawa saa za masomo, jambo hilo li mikononi mwenu.